Salgaa: Kituo cha malori ambako hadithi hazilali

UKITOKA mjini Nakuru ukielekea Eldoret, baada ya kilomita kama 30 hivi, utaona malori yameegeshwa kando ya barabara kama ng'ombe walioletwa mnadani. Hapo ni Salgaa. Mchana, Salgaa ni kituo cha kawaida cha Rongai: vumbi, mashamba ya mahindi kwa mbali, wauza viazi, na vijana wa bodaboda wakisubiri abiria. Usiku ndipo mahali hapa huamka. Trela zilizotoka Mombasa zikielekea Malaba, Kampala, Kigali na hata Kongo huzima injini, madereva na utingo wao hushuka wakinyoosha migongo, na vibanda vya chai huchochea moto upya.

Salgaa imeandikwa sana magazetini, na mara nyingi si kwa wema. Imesemwa kuwa ni mahali pa ajali, pa magonjwa na pa biashara ya usiku. Hayo yapo, wala sina haja ya kuyafunika. Lakini leo, msomaji mpendwa, nakuomba tuitazame Salgaa kwa jicho jingine. Swali lililonipeleka huko ni hili: ni vipi mtu huanza kupenda hadithi za maajabu, zile za mazimwi na majini, za vyombo vya angani na dunia zijazo, na mapenzi hayo yakamganda hadi uzeeni?

Wengi hudhani kuwa mapenzi hayo ni ya watoto wa mijini waliolelewa mbele ya televisheni na karibu na maktaba. La hasha! Mimi naamini kwamba yakitafutiwa chimbuko, yatapatikana mahali kama Salgaa, penye giza, moto wa jikoni, na wageni waliotoka mbali.

Kwanza kuna mlima. Ukisimama Salgaa na kutazama upande wa Nakuru, utauona Menengai. Ni volkeno iliyojiporomokea yenyewe na kuacha shimo lenye upana wa kilomita kama 12 kwa 8, na kilele chake kimefikia mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Ndani ya shimo hilo mvuke hufuka kutoka ardhini usiku na mchana. Wenyeji wana maelezo yao kuhusu mvuke huo. Husimuliwa kuwa katika vita vya Wamaasai kwa Wamaasai vya karne ya 19, mashujaa wengi wa Ilaikipiak walisukumwa kutoka ukingoni wakaangamia humo, na kwamba mvuke unaoonekana ni roho zao zikitafuta njia ya kwenda juu. Wengine husimulia juu ya watu walioingia humo wakapotea njia saa nzima, ilhali walikuwa wakiyajua mapito, na juu ya shamba la shetani linaloonekana likiwa limestawi, kisha likatoweka.

Mtoto anayekua akiuona mlima huo kila asubuhi hahitaji kununuliwa kitabu ili aanze kuwaza. Kitabu kiko mlangoni pake.

Pili kuna mchanganyiko wa watu. Bonde la Ufa la kati limekusanya Wakalenjin, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Waturkana na wengineo, na kila jamii ilikuja na zimwi lake. Wakikuyu wana irimũ, lenye mdomo wa pili kisogoni uliofichwa na nywele. Wakalenjin wana Chemosit. Afisa wa kikoloni A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichochapishwa mwaka wa 1909, aliandika alivyoelezwa: Chemosit ni nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja na makalio tisa, hutembea kwa kuegemea fimbo iliyo kama mkuki, na mdomo wake mwekundu hung'aa usiku kama taa. Hupenda sana kula watoto. Hebu fikiria mtoto aliyelazwa na ngano hiyo, kisha akachungulia dirishani na kuona lori lenye taa moja likiteremka kutoka Sachangwan gizani!

Halafu kuna Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa wa jiwe. Mikuki ilimgonga ikaanguka. Maadui zake wakampa msichana wao amwoe, naye akagundua kuwa nguvu za mumewe zilikuwa katika kivuli chake. Kivuli kilipochomwa mkuki, Magere akafa. Maadui hao walikuwa Wanandi. Kwa hivyo mezani pa chai pa Salgaa, ngano hiyo moja inaweza kusimuliwa na Mluo kama kisa cha usaliti, na Mnandi akaisimulia kama kisa cha msichana jasiri aliyeokoa watu wake. Mtoto anayesikiliza zote mbili hujifunza mapema kwamba hadithi humtegemea anayeisimulia.

Tatu kuna barabara yenyewe. Dereva aliyetoka Mombasa huja na kisa cha mwanamke mrembo wa pwani ambaye, ukiangalia chini ya buibui lake, utaona kwato za punda. Aliyepita Tsavo huja na simba waliokula wajenzi wa reli mwaka wa 1898. Aliyetoka upande wa pili wa Malaba huja na ya misitu ya Kongo. Visa hivi havilipi ushuru mpakani. Hushushwa Salgaa pamoja na uchovu, vikapakiwa na mwingine, na kesho yake viko Eldoret.

Kutoka masikioni hadi machoni

Masikio ndiyo huanza, kisha macho hufuata. Katika vituo vya barabarani, gazeti huwa na maisha mawili. Kwanza husomwa na mwenye pesa, halafu hufungiwa mandazi. Wengi wa rika langu tulipata elimu yetu ya maajabu katika maisha hayo ya pili ya gazeti. Ukifungua mandazi ungeweza kukutana na Akokhan, kibonzo cha Frank Odoi katika Daily Nation, chenye mashujaa wenye nguvu zisizo za kibinadamu wakipigana katika Afrika ya kubuni. Mafuta yalikuwa yameloa sehemu ya picha, na mwisho wa kisa ulikuwa umefungiwa mandazi ya mtu mwingine. Ikabidi umalizie mwenyewe kichwani. Sijui shule iliyo bora zaidi ya kumfunza mtoto kubuni. Odoi, aliyezaliwa Ghana akaishi na kufanya kazi Kenya, alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu jijini Nairobi.

Kisha vikaja vitabu. Wako wanaosema kuwa hadithi za aina hii ni za Wazungu. Nawauliza: Kusadikika ni nini? Shaaban Robert alikitoa kitabu hicho mwaka wa 1951, na nchi anayoieleza iko angani, si ardhini. Karama anashtakiwa humo, naye anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na mafunzo kisha wakafungwa. Katika Adili na Nduguze, kilichofuata mwaka wa 1952, ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani. Wamitila naye akatupa Bina-Adamu! mwaka wa 2002. Kwa upande mwingine, Mfaransa Jules Verne alipoandika riwaya ya puto linaloruka kuvuka Afrika mwaka wa 1863, alilipandisha puto hilo kutoka Zanzibar. Kwa hivyo hata Wazungu walipotaka maajabu, walikuja kuyatafuta kwetu.

Ukitaka kumwona mtu ambaye mbegu hii ilipandwa mwilini mwake ikazaa, tuifuate barabara hii hii kurudi Limuru. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa mwaka wa 1938 na kufariki Mei 2025, alieleza katika kumbukumbu zake za utotoni zilizotoka mwaka wa 2010 jinsi watoto wa boma lao walivyokusanyika jioni nyumbani kwa Wangari, mke mkubwa wa baba yake, kusikiliza ngano. Alipojua kusoma, Agano la Kale likawa kitabu chake cha maajabu. Sasa mtazame mtoto huyo akiwa mzee. Katika Mũrogi wa Kagogo, riwaya aliyoanza kuitoa kwa Kikuyu mwaka wa 2004, kuna mtawala wa nchi ya kubuni ambaye anataka kujengewa jumba la kufika mbinguni, na ambaye mwili wake unafura ukazidi kufura. Mnara wa Babeli na mazimwi ya jioni vyote vimo humo. Zaidi ya miaka 50 ilikuwa imepita, lakini moto wa jikoni kwa Wangari haukuwa umezimika.

Jini au breki?

Hapa ndipo mzazi atakaponiuliza: je, si ni hatari kumjaza mtoto mambo ya mazimwi? Si atakua akiamini ushirikina?

Swali hilo lina uzito wake, na hakuna mahali lina uzito zaidi kuliko Salgaa. Mnamo Januari 31, 2009, lori la petroli lilianguka Sachangwan, juu kidogo ya hapa. Watu walikuwa wakichota mafuta yaliyomwagika moto ulipolipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mnamo Desemba 31, 2017, basi na lori yaligongana Migaa kwenye barabara hii, na watu 36 wakafa. Kati ya misiba hiyo miwili kulikuwa na mingine mingi. Haishangazi kwamba wako waliosema barabara ina majini yanayotaka damu, wakataka maombi yafanywe.

Waliochunguza walisema jambo jingine. Mteremko ni mrefu. Mizigo ni mizito. Breki zikitumiwa mfululizo huchemka na kukataa kushika. Na wako madereva waliokuwa wakiliachilia lori lishuke bila gia ili kuokoa mafuta. Baada ya mauaji ya Desemba 2017, ukuta wa saruji ulijengwa katikati ya barabara ili lori lililokosa breki lisivuke na kuyakumba magari ya upande wa pili. Jini halizuiwi kwa saruji. Lori linazuiwa.

Sasa tazama tofauti. Ngano huanza kwa mapatano. Msimulizi husema "Paukwa!" na watoto hujibu "Pakawa!" Wote wamekubaliana kwamba mlango wa dunia nyingine umefunguliwa, na hadithi ikiisha utafungwa. Uvumi wa majini ya barabarani hauna paukwa. Hauombi ruhusa, na unataka uaminiwe papo hapo. Mtoto aliyezoea ngano anaujua mlango ule. Akisikia kisa kisicho na mlango, hushtuka na kuuliza. Aliyenyimwa ngano ndiye humeza kila uvumi, kwa kuwa hajawahi kufunzwa kutofautisha.

Hadithi za kisayansi huongeza swali moja tu juu ya ngano: ingekuwaje? Ingekuwaje kama mvuke wa Menengai si roho bali ni nguvu? Watu waliuliza hivyo. Mwaka wa 2011 walianza kuchimba visima ndani ya shimo lile, na mwaka wa 2023 mtambo wa megawati 35 ukaanza kutoa umeme. Ingekuwaje kama maji yangekwisha duniani? Mkenya Wanuri Kahiu aliuliza hivyo katika filamu yake fupi, Pumzi, ya mwaka wa 2009, ambayo dunia yake imebaki kavu baada ya vita vya maji. Nao wanasayansi waliotaka kuziona nyota kwa miale isiyoonekana kwa macho walirusha setilaiti kutoka baharini karibu na Malindi mnamo Desemba 12, 1970. Kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, waliiita Uhuru. Na mnamo Desemba 30, 2024, pete kubwa ya chuma, kipande cha roketi, ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Ingeandikwa na mtunzi, tungesema ametia chumvi.

Kwa hivyo, msomaji, siku ukipita njia hii na jamaa yako, usiipite Salgaa kwa kasi huku umefunga vioo. Simama mchana, mahali salama mbali na malori yanayoingia na kutoka. Agiza chai na mahindi ya kuchoma. Waonyeshe watoto Menengai, wasimulie ya mashujaa walioanguka humo, kisha waambie na ya visima. Wape zote mbili, kwa mpangilio huo. Moja bila nyingine ni mguu mmoja, kama wa Chemosit.

Na mtoto akikuuliza usiku kama zimwi liko kweli, usimkemee wala usimcheke. Muulize yeye kwanza anadhani linaishi wapi na linakula nini, kisha keti umsikilize.