Ufalme Usio na Watu

Picha za senema ambazo ndani yake watu husimama katikati ya furaha au msiba wakaimba zina wapenzi wengi na watetezi wachache. Msomi huzicheka hadharani, na jioni akiwa peke yake huimba nyimbo zake kwa sauti ya chini. Umri ndio mzani wa picha hizi. Hila za kamera huchakaa, mavazi hupitwa na wakati, na vitu viwili hubaki: wimbo, na lile neno ambalo picha ilitaka kulisema juu ya watu.

Picha mbili za namna hiyo zafaa kutazamwa kwa macho ya mtu wa Natta, nchi iliyo katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, si mbali na lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa. Moja ni The Lion King, iliyochorwa Marekani na kutolewa mwaka 1994. Ya pili ni Mother India, iliyotengenezwa na Mehboob Khan mwaka 1957. Ya kwanza inasimulia wanyama ambao Mnatta ni jirani yao wa tangu asili. Ya pili inasimulia wakulima wa Bara Hindi ambao hakupata kuwaona kamwe. Yeyote angetazamia kuwa ya kwanza itakuwa karibu naye zaidi. Mambo sivyo yalivyo.

Haki itendeke kwanza kwa The Lion King. Mwanzo wake ni miongoni mwa mianzo bora katika historia ya picha za nyimbo: jua lachomoza, sauti ya Lebo M wa Afrika Kusini yapaa kwa Kizulu, na wanyama wa kila aina wanakusanyika kumtazama mtoto wa mfalme. Maneno yale ya Kizulu hayana fumbo kubwa. Yanatangaza tu kwamba simba anakuja. Lakini mtazamaji asiyejua hata neno moja la lugha ile husisimka. Muziki wa Hans Zimmer na nyimbo za Elton John na Tim Rice haujazeeka. Ilipotengenezwa upya kwa kompyuta zaidi kuliko kwa kalamu, yaani mwaka 2019, kwa wanyama waliofanana na wa kweli kabisa, wimbo ule ule ulipoa, kwa kuwa uso wa simba wa kweli hauwezi kuonyesha huzuni ya mwimbaji. Mchoro wa kalamu uliweza.

Msikilizaji wa Kiswahili ana furaha yake ya siri humo, na karaha yake. Simba na Rafiki ni majina mazuri. Pumbaa ni jina la mzaha linalomfaa mwenyewe. Lakini fisi mmoja ameitwa Shenzi, tusi ambalo mabwana wa kikoloni walilizoea mno vinywani mwao, na hapana shaka watoto wengi wa Ulaya wamelicheka bila kujua historia yake. (Rafiki naye ana uso wa rangirangi kama wa nyani wa misitu ya Gabon na Kamerun, Serengeti hayupo.) Ama maneno "hakuna matata", watu wa Mara wakitaka kutulizana husema "hamna shida", yale mengine ni ya kuwapokelea wageni. Hata hivyo maneno hayo ya watu wote yaliandikishwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya Disney katika mavazi, na mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi zao kulalamika. Zaidi ya hayo, wimbo wa simba aliyelala, unaoimbwa kwa kifupi katika picha hiyo, chanzo chake ni "Mbube" wa Solomon Linda, Mzulu aliyeurekodi Johannesburg mwaka 1939 na kufa maskini mwaka 1962. Binti zake walipata mapatano mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani.

Hayo yote yaweza kusamehewa. Lililo gumu ni mpaka. Mfalme anampandisha mwanawe juu ya mwamba, anamwonyesha nchi yote iliyo katika mwanga kuwa milki yake, kisha anamwonya juu ya mahali penye giza ng'ambo ya mpaka. Huko wanakaa fisi wenye njaa. Wakiingia kutafuta nyama, nchi inaharibika. Wakifukuzwa, mvua inanyesha. Katika ufalme mzima hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna moshi wa jiko.

Mtu wa Natta ataitazamaje hadithi hii? Masimulizi ya asili ya wazee wake yanamtaja mwanamume mwindaji aliyekutana na mwanamke mkulima. Kwake nyika na shamba ni mume na mke. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959. Mwaka huo huo Bernhard Grzimek alitoa picha yake mashuhuri ya kutaka Serengeti isife, na dunia ikajifunza kuiona nchi hiyo kutoka angani, mahali ambapo makundi ya nyumbu huonekana vizuri kuliko watu. Mwaka 1994, mwaka ule ule wa The Lion King, mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yalitangazwa, na mwindaji wa jana akawa jangili wa leo. Si kwamba hifadhi haina faida. Bila ya ulinzi nyumbu wale, zaidi ya milioni moja, wasingekuwapo, na vijiji vya Ikoma na Natta vimeungana katika jumuiya ya hifadhi iitwayo Ikona ili navyo vipate fungu. Lakini tembo huvuka mpaka usiku na kumaliza mahindi, na mwenye shamba akikesha na tochi hana budi kujiuliza, je, katika picha ile yeye amewekwa upande wa mwanga au upande wa fisi?

Sasa aitazame Mother India. Picha yaanza na mwanamke mzee, Radha, aliyeshika bonge la udongo karibu na uso wake. Kisha yarudi ujanani mwake: arusi, shamba lililowekwa rehani kwa mkopeshaji, hesabu asiyoweza kuisoma, robo tatu za mavuno zikienda kulipa riba. Mumewe anapondwa mikono na jiwe na kuondoka kwa aibu. Gharika yaja. Radha analima pamoja na wanawe, na nyimbo za Naushad zinafuata jembe, kupanda na kuvuna, kama nyimbo za kazi zifanyavyo popote watu walimapo kwa mkono.

Picha hii nayo imezeeka. Ni ndefu karibu saa tatu, vilio vyake vimezidi kipimo, na mkopeshaji ni mwovu mno hata hatishi. Mapenzi yake kwa mabwawa na matrekta ni ya miaka ile. Lakini wakati picha za Kihindi zilipojaza Majestic na Empire mjini Zanzibar, na vikundi vya taarabu vikaazima lahani zake, watazamaji wengi hawakujua Kihindi na hawakukosa kuelewa. Walikuwa wakitazama deni, mama mkwe, mvua na mtoto mkaidi.

Mtoto huyo ni Birju. Anamwua mkopeshaji, anamteka binti yake siku ya arusi, na mama yake mwenyewe anampiga risasi ili kulinda heshima ya kijiji. Wapo watakaosema amekosea, na katika Natta, ambako wazee bado huketi kuamua mambo ya koo, shauri hilo lingechukua zaidi ya siku moja.