Nilikuwa Namwita, Anakuja, Nampiga

Mume wangu alipofariki aliniacha Ikungi na watoto watatu, shamba la alizeti na banda la kuku. Kwetu Singida kuku wa kienyeji ndiye akiba ya mwanamke: mtoto akidaiwa sare, unakamata majogoo wawili, unawatia kwenye tenga, unakwenda kusimama barabarani yanakopita mabasi ya Dodoma. Wezi walipoanza kuingia bandani usiku, kaka yangu akaniletea mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Tukamwita Jasiri.

Hadi anatimiza miezi 5 hakunisumbua. Nikisema kaa, anakaa. Nikimwita, anakuja mbio hadi anajikwaa. Kufika miezi 8 nikawa kama nimebadilishiwa mbwa. Alitafuna ndala, akatafuna mpini wa jembe, akatoboa mfuko wa mbegu nilizotunza kwa msimu. Alimrukia kila aliyeingia uani. Usiku alitoroka kufuata majike, akarudi jua limeshachomoza. Na kilichoniuma kuliko vyote: fundi baiskeli wa pale senta akimwambia kaa, anakaa, mimi niliyemlea nikimwambia, anageuza uso.

Kisha akaua kuku 7 wa jirani asubuhi moja. Hakula hata mmoja. Nilimkuta amesimama katikati ya manyoya, moja limemnasa puani, mkia unacheza. Jirani yangu ni bibi wa umri wa mama yangu, wala hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, hao walikuwa daftari za mjukuu." Nikamlipa kuku 7 wangu, nikachagua wanono. Wiki mbili hazijaisha, Jasiri akamrukia mjukuu huyohuyo akitoka kuteka maji, akamwangusha, ukucha ukamchana mkono. Tulimwosha jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, tukampeleka kituo cha afya. Usiku ule kadi ya Jasiri ya chanjo ya kichaa cha mbwa niliishika mkononi kama hati ya kiwanja.

Kwa mwenyekiti wa kitongoji watu walisema mbwa aliyezoea kuku haachi, auawe. Mwingine akanishauri nimfunge kuku mfu shingoni hadi aoze. Fimbo nilikuwa nimeshaitumia. Kila alipotoroka akarudi, nilimchapa mpaka mkono ukachoka, nikiamini namfunza.

Bwana mifugo alikuja kuchanja kuku dhidi ya mdondo, akamkuta Jasiri amefungwa kwenye mwarobaini, amejiviringisha kamba mguuni. Akaniuliza, "Mama, ukimwita anakuja?" Nikajibu, haji. "Na akija unampa nini?"

Nilikosa la kusema. Nilikuwa namwita, anakuja, nampiga. Angekujaje tena?

Akanieleza kwamba mbwa huanza ujana kwenye miezi 6 hivi, na wengine hawatulii hadi mwaka mmoja na nusu. Mwili umekua, utulivu bado. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwapima mbwa wakiwa na miezi 5 na tena wakiwa na miezi 8. Walipofika miezi 8 walizidi kumkaidi mlezi wao walipoambiwa wakae, lakini mgeni akiwaambia, walikaa. Nikamkumbuka fundi baiskeli. Kumbe Jasiri hakuwa amenichukia.

Nikanunua kamba ya mita 3. Kila alfajiri, kabla hajala, nilitoka naye hadi kwenye mawe makubwa na kurudi, dagaa nimewafunga kwenye pindo la kanga. Akiona kuku, nasimama. Sisemi, simvuti. Siku ya kwanza alivuta hadi kamba ikanichubua kiganja. Siku ya 9 tetea mwenye vifaranga alikatiza mbele yetu. Jasiri alisimama, mapaja yanamtetemeka, masikio yameelekea mbele. Halafu akageuza kichwa akanitazama mimi. Nikafungua pindo nikampa dagaa wote. Nililia palepale njiani.

Mengine yalikuja mepesi zaidi. Akimrukia mtu, kila mmoja wetu alimpa mgongo hadi miguu yote minne iwe chini, ndipo anashikwa kichwa. Kwa meno yake nilimtafutia mfupa mbichi wa goti la ng'ombe. Bwana mifugo akamhasi, na safari za usiku zikapungua. Kumfunga kutwa nzima niliacha, maana akifunguliwa alikuwa anatoka kama mshale. Nikaziba ua kwa miiba badala yake. Mwezi wa tatu wa mazoezi aliua kuku tena, mmoja, wangu. Mkono uliniwasha, Mungu ni shahidi. Sikumpiga. Tukarudi kwenye kamba kana kwamba ndiyo kwanza tunaanza.

Ilichukua miezi 7. Leo Jasiri ana miaka 4, huchanjwa kila mwaka, na hulala kati ya banda langu na la bibi, ambaye humwekea ukoko wa ugali jioni. Tangu hapo hakuna aliyeibiwa kuku, si kwangu si kwake.

Wewe uliyesimama uani sasa hivi na fimbo, unamsubiri mbwa wako arudi, nakuomba uiweke chini. Akifika, mpe kitu.