Baiskeli ya mbio ilivyonifunza Kisumu upya

IKIWA ulifika Kisumu miaka ya 1990, bila shaka unakumbuka kengele za baiskeli. Uliposhuka tu kwenye basi, vijana walikuzingira, kila mmoja akipigapiga kiti chake cha nyuma chenye sponji na kukusihi upande.

Baiskeli hizo nyeusi, ambazo Wakenya huziita Black Mamba na Waluo huziita ndiga, ndizo zilizokuwa teksi za mji huu wa kando ya Ziwa Victoria. Jina la boda boda lenyewe lilitoka Busia, ambako tangu miaka ya 1960 waendeshaji waliwavusha watu kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Pikipiki ndogo zilipoondolewa kodi ya VAT mwaka wa 2008, pikipiki zilienea na ndiga zikaanza kupungua.

Hata hivyo, baiskeli haijafa Kisumu. Amka mapema Jumamosi, nawe huenda ukakutana na mtu aliyeinama juu ya baiskeli nyepesi yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Hiyo ndiyo baiskeli ya mbio. Mimi nami ninayo, na ningependa ujue yaliyonipata kabla nawe hujatoa pesa zako.

Kwa miaka minne niliendesha baiskeli ya haibridi. Hii ni chotara. Usukani wake umenyooka, matairi yake ni manene kiasi, na unaketi wima ukiona mbele vizuri. Nyuma niliifunga karia. Karia hiyo ilimpeleka binti yangu shuleni, ikabeba unga, na mwisho wa wiki ikabeba ngege kutoka ufuo wa Dunga.

Siku moja, karibu na soko la Kibuye, niliiona baiskeli ya mbio ya mtumba, ya rangi ya buluu. Niliinyanyua kwa mkono mmoja. Tamaa ikanishika.

Fundi aliyekuwa akiitengeneza ni mzee aliyesomesha watoto wake kwa kubeba abiria kwa ndiga. Alinitazama, akatikisa kichwa.

"Nyara, binti yangu, hii utaibebea nini?" akauliza.

"Jaduong', nataka kwenda mbali," nikamjibu.

Niliiuza haibridi, nikaongeza akiba iliyokaribia karo ya muhula mzima. Jioni nilifika nyumbani nikiisukuma kwa fahari. Binti yangu, ambaye ana miaka saba, aliizunguka mara mbili, kisha akauliza: "Mama, mimi nitakaa wapi?"

Sikuwa na jibu.

HAISAMEHI

Siku za kwanza utajiona mgeni kwenye barabara unayoijua. Mgongo unainama, uzito unaegemea mikono, na shingo inauma kwa kuinuliwa. Breki haziko mahali ulipozoea. Usiogope, mwili huzoea baada ya majuma machache, mradi fremu ni ya kimo chako. Fremu ikiwa kubwa mno, hakuna fundi atakayeipunguza.

Tatizo kubwa ni matairi. Jumapili ya kwanza nilishika barabara ya kwenda Ahero. Nilipopita Rabuor, matatu ilipiga honi nyuma yangu. Kwa mazoea ya haibridi nilijitupa kando, nje ya lami. Tairi la mbele lilitumbukia penye ukingo uliomeguka, nami nikaanguka kifudifudi kwenye changarawe. Rimu ilipinda, kiganja kikachubuka, na helmeti ikapata ufa. Bila helmeti hiyo, ufa ungekuwa kichwani.

Nilirudi kwa Jaduong' nikichechemea. Hakunicheka. Aliinyoosha rimu polepole, akasema: "Ndiga ilikuwa inakusamehe. Hii haisamehi."

Kisha akanipa somo. Ukiwa na matairi membamba, usijibane ukingoni hata ukakosa pa kukwepea shimo. Jiachie nafasi kwenye lami, nyooka, na uonekane kwa mavazi yanayong'aa. Honi ikilia, usikurupuke. Geuka utazame, na ikibidi kutoka barabarani, punguza mwendo kwanza.

Aidha, kagua upepo kila unapotoka. Tairi jembamba huhitaji upepo mwingi kuliko nene, na kiwango chake kimeandikwa ubavuni. Ukiwa haba, shimo moja tu huibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo. Beba tyubu ya akiba na pampu, na ujue kuzitumia mwenyewe, kwa maana pancha haichagui mahali.

ANZA NA KANO

Ukiwa mwanafunzi katika baiskeli hii, anza na uwanda wa Kano. Kutoka mjini hadi Ahero ni kama kilomita 25 za ardhi tambarare. Unapita Nyamasaria na Rabuor, milima ya Nandi ikiwa kushoto kwako, na ukifika Ahero unapokewa na mashamba ya mpunga ya mradi ulioanzishwa miaka ya 1960, ambako ndege weupe husimama majini.

Lakini toka alfajiri. Magari ni machache, na tena kuna upepo. Asubuhi hewa huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, hivyo ukirudi mapema itakusukuma. Jua likipanda nchi kavu huwa na joto kuliko maji, na upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Ukichelewa Ahero ukinywa chai, utarudi ukipigana nao hadi mlangoni pako. Kwa haibridi sikuwahi kulitambua hili kwa sababu sikufika mbali.

Ukiisha kukomaa, elekea magharibi hadi Kisian, kisha upande njia ya Maseno. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Maseno, palipo na alama ya ikweta, ni mita zipatazo 1,500. Badilisha gia mapema, kabla mlima haujakumaliza nguvu. Ukigeuka nyuma huko juu, utaiona Ghuba ya Winam imetanda chini.

Usidhani mchezo huu ni wa wageni. Mwaka wa 2008, Samwel Mwangi, aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli mjini Eldoret, pamoja na Zakayo Nderi, aliyekuwa mng'arisha viatu, walikwenda Ufaransa kuupanda Alpe d'Huez, mlima wenye kona 21 unaosifika katika Tour de France. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kimchezo na David Kinjah, alishinda Tour hiyo mara nne kati ya 2013 na 2017.

Usidhani pia kwamba ustadi ni kinga. Suleiman Kangangi, mmoja wa waendeshaji hodari wa nchi hii, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Nikikumbuka hilo, hushika breki mapema kwenye mteremko wa kurudi Kisian. Haraka haraka haina baraka.

Na swali la binti yangu je? Miezi mitatu baadaye nilirudi kwa Jaduong' nikamuuliza kama ndiga yake ya zamani, iliyoegemea ukutani, inauzwa. Alikataa kuiuza. Akaniundia nyingine kutokana na vipuri, nzito kama jiwe, na kiti cha nyuma akakishonea sponji.

Basi, msomaji, ukitaka baiskeli ya mbio, nunua, lakini usiiuze kwanza ile inayoilisha nyumba yako. Siku za shule binti yangu hupanda nyuma ya ndiga na kuipigia kengele mji mzima. Jumapili alfajiri hunifungulia lango na kuuliza nitarudi saa ngapi. Humwambia: kabla upepo haujageuka.