Fimbo ya Mbali

Wazee walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Maneno hayo yalitungwa kwa ajili ya mkono na nyoka, lakini yamepata kazi mpya katika zama za kompyuta. Leo mtu aweza kukaa Dar es Salaam akaandika, akahesabu na kutunza hati zake katika mashine iliyoko Usagara, kusini ya mji wa Mwanza, pale barabara ya Shinyanga inapoachana na barabara ya Kigongo, Sengerema na Geita. Kati ya mtu na mashine yake pana mwendo wa barabara wa kilometa zipatazo 1,100. Nuru ndani ya uzi wa kioo huumaliza mwendo kama huo kwa sehemu 6 hivi katika elfu za sekunde moja. Kwa macho, fimbo imekuwa ndefu ya kutosha. Walakini methali haijafa. Imehamia mahali padogo sana: kwenye kitufe cha kuwashia.

Chukua mfano wa kijana wa Usagara asomaye chuo kikuu pwani. Nyumbani amemwacha mama mwenye duka na mdogo wake anayeandika mauzo kila jioni. Kijana ataka mashine moja ndogo ikae nyumbani, itunze hesabu za duka na maandiko ya tasnifu yake, naye aifikie kutoka chuoni kwa kompyuta chakavu ya mkononi. Fedha aliyo nayo yatosha kununua mara moja. Haitoshi kukosea. Kwake, kuchagua vipande vya mashine hiyo ni kuchagua mtumishi atakayeachwa peke yake nyumbani, wala hakuna wa kumsimamia.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT cha Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha jinsi watu kadhaa wawezavyo kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye taipureta yake. Katika Tanzania kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikakataza kuingiza mashine hizo nchini. Katazo hilo limekwisha zamani, lakini swali lililokuwa nyuma yake lingali hai: je, chombo hiki kinastahili gharama yake, na mwenyewe ana maarifa ya kukitawala?

Mnunuzi asiye na hadhari huanza na nguvu. Hutaka kichakataji chenye kasi kuliko vyote na kadi kubwa ya picha, kana kwamba mashine itashindana mbio. Mashine isiyo na mtazamaji mbele yake haihitaji pambo hilo. Kinachoitafuna fedha yake ni saa zake za kukesha. Mashine ivutayo wati 100 usiku na mchana hula uniti 72 za umeme kwa siku 30. Ivutayo wati 10 hula uniti 7 na kidogo. Kichakataji kama Intel N100, kilichotolewa mwaka 2023, kina viini 4 na kimekadiriwa wati 6 tu. Hesabu za duka, maandiko na kumbukumbu ya gigabaiti 16 vyakaa humo bila kubanana. Kilichookolewa hapo ndicho kinunue diski njema, na diski ya pili ya nakala.

Mahali nako kuna sauti katika uchaguzi. Pwani ya Ziwa Victoria wako wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi na kufuata taa za nyumba. Vumbi la barabarani nalo halina likizo. Feni huvuta vyote viwili ndani ya kasha, na siku ijamapo hakuna wa kusikia inavyolia. Basi kasha la chuma lisilo na feni, linalotoa joto kwa mapezi yake, ni bora kuliko kasha la kioo lenye taa za rangi. Diski isiyozunguka nayo yafaa kuliko ile ya sahani, kwa kuwa haina kiungo cha kuchakaa kwa mzunguko.

Kisha waja umeme, ambao ndio nyoka mwenyewe. Ukikatika na kurudi, mashine nyingi hulala na kungoja kidole. Kidole kiko pwani. Kabla ya kununua ubao mama, kijana auchunguze: je, una mpango wa kuiwasha mashine umeme urudipo? Je, waweza kuamshwa kwa ishara ya mtandao? Je, hukubali kuwaka pasipo skrini wala kibao cha herufi? Ubao usio na majibu haya haufai, hata ukitolewa kwa bei ya karanga. Betri ya akiba ya volti 12 na saa-ampea 7 ina wati-saa 84. Mashine ya wati 10 na ruta ya wati 10 zaweza kuishi kwayo saa 3 hivi; mashine ya wati 100 haitafika saa moja. Hivyo udogo umezaa ustahimilivu.

Limebaki suala la mlango. Mara nyingi mteja wa intaneti ya simu hapewi anwani yake mwenyewe ya kubishiwa hodi kutoka nje. Basi mashine ndiyo ianze safari, ifungue njia ya siri na kuishikilia. Njia hiyo ifungwe kwa ufunguo madhubuti. Mwaka 1995, huko Finland, Tatu Ylönen alibuni itifaki ya SSH baada ya maneno ya siri kuibwa katika mtandao wa chuo chake. Mlango unaomfaa mwenyewe aliye mbali humfaa na mwizi aliye mbali zaidi.

Mwaka 2025 daraja la kilometa 3 lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, na ngoja ya kivuko ikaondoka. Hakuna apitaye juu yake anayezitazama nguzo zilizo majini, lakini ndizo zilizomvusha. Vipande vya mashine ya mbali ni vivyo hivyo. Sifa za kipande ambacho hakuna atakayekitazama ni tatu: kula kidogo, kuvumilia, na kuinuka chenyewe kianguikapo. Mtu akikosa fedha ya kununua vyote, na aache kasi kwanza. Asiache hizo tatu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ila ile iliyofundishwa kusimama peke yake.