Paka, Mchanga na Mkono

Nyumba ya mama yangu iko Tabora, na ghala yake ya karanga na michembe haijakosa paka tangu utoto wangu. Ulipokaribia msimu wa kupanda, mwaka juzi, dada yangu mdogo alirudi nyumbani akiwa na mimba ya miezi mitatu. Jirani mmoja akaleta habari kwamba paka huwadhuru watoto wasiozaliwa bado. Jioni ile mama alitoa gunia, akaniambia, "Mwanangu, mchukue mnyama huyu ukamtupe mbali kabla hajatuletea msiba." Niliomba siku tatu za kuuliza. Alinipa kwa shingo upande, maana mimba ya kwanza ya binti yake ilikuwa imetoka, na sababu haikujulikana.

Habari ya jirani haikuwa uongo, lakini ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli huweza kumpoteza mtu kuliko uongo mtupu. Kimelea kiitwacho toksoplasma kilitambuliwa mwaka 1908: Nicolle na Manceaux walikiona Tunis, na mwaka uo huo Splendore alikiona Brazil katika sungura. Njia yake haikujulikana upesi. Ilikuwa karibu na mwaka 1970 ndipo wataalamu walipothibitisha kwamba jamii ya paka peke yake ndiyo imwagayo vijiyai vya kimelea hiki pamoja na kinyesi. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Akiambukizwa mara ya kwanza, humwaga mamilioni ya vijiyai kwa wiki moja hadi tatu, kisha aghalabu hukoma. Kijiyai kipya hakidhuru papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kikiisha kukomaa, chaweza kudumu katika udongo wenye unyevu zaidi ya mwaka. Wakati huo kinyesi kimekwisha kuoza, paka amekwenda zake, na apandaye mchicha hana habari.

Nilipoyafahamu hayo niliikumbuka njia ya kale ipitayo mjini kwetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika Tabora kabla ya kushika njia ya Ujiji. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi. Njia ile ilikuwa na hatari yake, nayo ni homa ya papasi. Katika miaka ya 1904 na 1905, uchunguzi uliofanywa Uganda, Kongo na Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako Robert Koch alishiriki, ulidhihirisha kwamba papasi ajifichaye katika nyufa za vibanda ndiye aichukuaye homa hiyo toka mtu hata mtu. Hapana aliyeweza kuifunga njia. Lakini aliyejua papasi hukaa wapi aliweza kulala mbali na vibanda vikuukuu. Kimelea cha paka nacho ni msafiri mwenye vituo vyake.

Kituo cha kwanza ni mchanga na udongo wa bustani. Cha pili ni nyama: mbuzi, kondoo na kuku humeza vijiyai, na kimelea hujificha katika nyama yao, hata mshikaki ulioiva nje na kubaki mwekundu ndani waweza kumwambukiza mtu asiyepata kumgusa paka maishani. Cha tatu ni mkono, utokao bustanini au kwenye ubao wa kukatia nyama ukaenda kinywani. Mtu mwenye afya akiambukizwa aghalabu hajui. Hatari kubwa iko kwa wale ambao kinga ya mwili wao imedhoofika, na kwa mama aambukizwaye mara ya kwanza akiwa na mimba. Kimelea chaweza kumfikia mtoto tumboni, kikaharibu macho au ubongo wake, au mimba ikatoka.

Siku ya tatu nilimweleza mama. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na paka akiondoka, mchanga uliokwisha kuchafuka utaondoka naye?" Nilijibu kwamba utabaki, na paka wa majirani watakuja, na panya watatawala ghalani. Akalirudisha gunia mahali pake.

Tuliafikiana hivi. Dada hakushika jembe wala kuzoa uchafu wa paka. Kazi hiyo niliifanya mimi kila asubuhi, kabla vijiyai havijakomaa, kisha nikanawa kwa sabuni. Lundo la mchanga wa kujengea lilifunikwa. Mboga zilioshwa kwa maji mengi safi, maji ya kunywa na maziwa yalichemshwa, nyama ilipikwa mpaka wekundu wote ukatoka. Paka alipewa chakula kilichopikwa. Na dada alimweleza mkunga mambo yote, maana damu yaweza kupimwa, na dawa zipo.

Mtoto alizaliwa mzima wakati wa kuvuna karanga. Siwezi kuapa kwamba ni desturi zetu zilizomhifadhi; huenda mwili wa mama yake ulikwisha kupambana na kimelea hiki zamani, ukapata kinga. Ndivyo kinga ilivyo: ikifaulu, haionekani, na mtu hukosa la kushukuru. Hata hivyo mama hajaiacha desturi. Kila atokaye bustanini huelekezwa kwanza kwenye maji na sabuni, awe mgeni au mwenyeji, na paka angali analinda ghala.