Mara ngapi kwa juma? Nguvu za mwili kwa mtu anayebeba mizigo

Tangu vijana wa kartie yetu, hapa katika komini ya Kikula, waanze kunyanyua vyuma nyuma ya nyumba moja, kuna swali ambalo ninaulizwa kuliko habari za umeme na bei ya unga: ili mtu apate nguvu, afanye mazoezi mara ngapi kwa juma? Wanaouliza zaidi ni wahami waliofika Likasi kutoka upande wa Mitwaba na Pweto. Hawatafuti kifua cha kuonyesha watu. Mtu aliyeacha shamba na mbuzi nyuma, hapa mjini hana mtaji mwingine ila mgongo wake. Anapakua malori, anasukuma baiskeli ya makala, anachotea watu maji. Mgongo ukikataa siku mbili, watoto nao wanalala njaa siku mbili.

Jibu langu ni mara mbili. Mara tatu, kama unakula vizuri. Wengi wananuna wakisikia hivyo, kwa sababu pale uwanjani wanaamini kwamba asiyekuja kila siku ni mvivu.

Unaponyanyua kitu kizito, msuli hauongezeki palepale. Pale unachoka tu. Kujengwa kunakuja baadaye, unapokula na kulala, na kunaendelea saa 24 mpaka 48. Ukirudia kazi nzito ile ile kesho yake, unabomoa ukuta ambao fundi hajamaliza. Ndiyo sababu Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, katika mashauri yake ya mwaka 2009, kinawapa wanaoanza siku 2 au 3 kwa juma. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, katika mashauri yake ya 2020, linasema mtu mzima atie misuli kazi siku 2 au zaidi kwa juma. Jambo lingine ambalo watafiti wameliona: kama jumla ya kazi ya juma ni ileile, kuigawa kwa siku mbili au kwa siku nne hakuleti tofauti kubwa. Kinachohesabika ni jumla, na kwamba uzito unaongezeka pole pole.

Lakini mashauri hayo hayakumfikiria mtu wa Likasi anayelipwa kwa mfuko. Mfuko mmoja wa simenti ni kilo 50. Kijana aliyepakua mifuko 100 toka asubuhi amekwisha kubeba tani 5 kabla hajagusa chuma chochote. Mwili haujui kama uzito ni wa mazoezi au ni mali ya mfanyabiashara. Kwa hiyo ninawaambia: hesabuni kazi. Siku ya lori ni siku ya mazoezi ya mgongo na miguu, hata kama hukuenda uwanjani. Ukienda jioni ile ile kuinua tena, hujengi, unajikopa.

Namjua kijana mmoja aliyekuwa anapakua mchana na kunyanyua vyuma jioni, siku sita kwa juma. Alianza kulala vibaya, mabega yakawa yanamuuma hata anapovaa shati, na ile mikebe ya maziwa iliyojazwa simenti, ambayo zamani aliinua mara kumi, ikamshinda kwenye ya sita. Yeye aliona dawa ni kuongeza siku. Tulibishana sana. Mwishowe alikubali siku ya pili na siku ya tano tu, na siku hizo hainui cha mgongo kama amepakua. Anafanya yale ambayo lori halimpi: kujisukuma juu kutoka chini, mikono sakafuni, tumbo, kuchuchumaa na kuinuka taratibu. Dakika 40, kisha nyumbani. Miezi miwili baadaye alirudi kwenye kumi, akapita.

Chakula nacho ni sehemu ya hesabu. Sisi wa Katanga tunaita Jumamosi siku ya posho, na wazee wanajua jina hilo lilitoka wapi: ni siku ambayo Union Minière iligawia wafanyakazi chakula cha juma. Kampuni ile haikufanya hivyo kwa huruma tu. Ilijua mtu asiyekula hachimbi shaba. Leo hakuna anayetugawia posho, lakini sheria ya mwili haijabadilika. Bukari peke yake inatia nguvu ya kutembea. Ya kujenga msuli iko katika maharage, karanga, ndakala, yai likipatikana. Kwa hiyo weka mazoezi mazito siku ambayo unajua sufuria itakuwa na kitu. Siku ya kula mara moja, pumzika bila haya.

Wazee wa uwanjani wananipinga kwa jina la Muhammad Ali. Wanasema mwaka 1974, kule N'Sele, alikuwa anafanya mazoezi kila siku, na tarehe 30 Oktoba akamwangusha Foreman katika raundi ya nane. Sawa. Ila kukimbia na kujifunza ngumi si sawa na kuinua kizito kwa msuli ule ule kila siku. Tena Ali alikuwa na mpishi, kitanda na daktari. Na baada ya kukimbia hakuna aliyemtuma kupakua lori.

Kwa waliofika na majeraha kuna habari njema. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mmarekani Thomas DeLorme alikuwa anatunza askari walioumia, mjini Chicago. Aliwapa uzito mkubwa unaoongezeka pole pole, mahali pa mazoezi mepesi ya kurudia-rudia, na misuli yao ikarudi. Mwanzo aliwapa seti 7 mpaka 10. Mwaka 1948, pamoja na Watkins, aliandika kwamba seti 3 zatosha. Lakini mfupa uliovunjika au risasi iliyobaki mwilini si jambo la uwanjani. Nenda kwanza kwa daktari au kwa kine.

Akina mama wamenituma niulize kama haya yanawahusu. Sana. Mama anayebeba bidoni ya lita 20 kichwani, kilo 20 hizo, tayari anafanya kazi ya shingo na miguu. Mara mbili kwa juma ajisukume dhidi ya ukuta na ainuke kitini mara kumi bila kushika, apumzike, arudie mara mbili. Baba na mama waliopita miaka 65 waongeze mazoezi ya kusimama bila kuyumba, mara 3 kwa juma: mguu mmoja, huku umeshika mlango.

Uwanja wa Kikula uko wazi siku ya pili na siku ya tano, kuanzia saa kumi na moja jioni. Hakuna malipo. Uje na maji yako, na kama umepakua siku hiyo, useme.