Mchongaji na Seremala Ndani ya Kompyuta

Wasomaji wetu wajua kwamba mchongaji wa vinyago na seremala wote wawili hukata mti, walakini kazi zao si moja. Mchongaji huongozwa na jicho. Huondoa hapa, huacha pale, hata umbo limpendeze. Seremala hushika futi na mraba, kwa maana mlango usioingia katika fremu yake si mlango, ujapokuwa mzuri namna gani. Jambo hili twalijua tangu utoto. Hata hivyo tulilisahau tulipoketi mbele ya kompyuta, na kusahau kwetu kukatutia aibu.

Mwaka jana bushi ya mpini wa pampu ya shule yetu ilichakaa, hata mpini ukawa hauvuti maji, na watoto wakarudi kuteka mtoni. Sisi tulikuwa tumejifunza kidogo programu iitwayo Blender, ambayo tangu mwaka 2002 ni huru kwa watu wote. Basi tukawaahidi wazee wa kamati kwamba tutachora bushi mpya, na kuipeleka mjini kwenye mashine ya kuchapa vitu vya plastiki. Tulichora siku tatu. Kwa macho kazi ilikuwa kamili. Lakini bushi ilipoletwa, pini haikuingia. Tukaigonga kwa nyundo, ikapasuka mbele ya watoto.

Tukaenda kwa fundi wa mjini, tukamwonyesha mchoro wetu. Akautazama, akasema, "Mwalimu, kazi yako ni nzuri, lakini tundu lako si duara."

Tulishangaa, ndipo akatueleza. Programu ile hufuma umbo kama wavu: nukta huunganishwa kwa mistari iliyonyoka, na katikati ya mistari huwa vipande bapa. Duara letu lilikuwa na pande 16 tu. Pembe zake ziligusa kipimo cha milimita 20 tulichokitaka, bali pande zenyewe zilipita ndani yake; kutoka upande hata upande wa pili palikuwa na milimita 19.6 tu. Pini ya milimita 20 ingepitaje? Tungaliongeza pande, kosa lingalipungua, lakini lisingalikwisha.

Kisha akatufundisha programu ya namna nyingine, iitwayo FreeCAD, nayo ni huru vilevile. Hii haishiki wavu, hushika kipimo. Duara ndani yake ni duara kweli, lenye kitovu na kipenyo. Tuliandika 20.3, ili pini ipate nafasi kidogo ya kuzunguka, na unene wa ukuta tukaufunga kwenye kipimo hicho. Kila tulipobadili tarakimu moja, sehemu zilizofungwa nayo zilifuata zenyewe. Ni kweli kwamba mara nyingi kazi hii nayo hugeuzwa kuwa pembetatu ndogo kabla ya kuchapwa. Lakini pembetatu hizo twaweza kuzifanya ndogo tupendavyo, na asili ya vipimo hubaki kwetu. Mwenye wavu peke yake amebaki na unga, na unga haurudi kuwa mahindi.

Bushi ya pili iliingia, na maji yakatoka.

Je, tuidharau Blender? Hasha! Baadaye tulitaka kuwatengenezea watoto wa darasa la kwanza sanamu ya ng'ombe. Kwa kiburi chetu kipya tukaianza katika FreeCAD, tukashindwa kabisa. Maana shavu la ng'ombe lina kipenyo gani, na nundu yake ina pembe ya nyuzi ngapi? Tuliporudi kwenye wavu, tukausukuma na kuuvuta kama mfinyanzi na udongo wake, ng'ombe akapatikana kwa jioni moja. Filamu ya paka iitwayo Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitengenezwa kwa Blender, nayo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2025. Paka yule hakuhitaji kuingia katika fremu. Alihitaji kutazamwa na kupendwa.

Basi sasa, kabla ya kuanza kazi, twajiuliza neno moja: je, kitu hiki kitatazamwa, au kitaingia katika kitu kingine? Jibu hutuambia tumwite mchongaji au seremala. Tungalijiuliza hivyo tangu mwanzo, watoto wetu wasingalirudia njia ya mtoni mara nyingi vile.